Alifikia lengo, kisha akautundika udi

Udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ulikuwa umetundikwa ukutani, juu ya kabati la vyombo, shingo juu, tumbo limeegemea rangi ya chokaa. Uzi mmoja wa jozi ya pili ulikuwa umelegea mpaka umejikunja kama unywele. Risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, ilikuwa bado imechomekwa katikati ya nyuzi, palepale mwenyewe alipoiacha miezi minne iliyopita, usiku aliposhuka jukwaani.

Usiku ule alipiga vizuri. Hilo ndilo linalonisumbua.

Miezi tisa kabla ya hapo kijana huyu alikuwa hajui hata kuukamata udi. Akajiwekea lengo: kwenye harusi ya dada yake atapiga samai nzima, kipande cha ala kisicho na maneno, katika makamu (mpangilio wa nota) ya Bayati, mbele ya watu, bila karatasi. Aliambiwa ni kubwa mno kwa mwaka wa kwanza. Hakusikia la mtu. Aliamka alfajiri, vidole vikachubuka, vikapona, vikaota sugu. Siku ikafika, akapiga mwanzo hadi mwisho, wageni wakainuka kumtunza.

Tangu hapo hajaugusa.

Kwa wiki kadhaa swali hili halijaniachia. Lengo lilikuwa kubwa, lilikuwa na tarehe, lilikuwa na mashahidi. Kila tunachomwambia mtu afanye anapoweka lengo, yeye alikifanya. Sasa kasoro iko wapi?

Jibu la haraka ni uvivu, na silikubali. Mvivu haamki saa kumi na moja alfajiri kwa miezi tisa kwa ajili ya nota nne.

## Kilichotokea baada ya makofi

Nilichelewa kuiona sehemu yenyewe, kwa sababu ilikuwa ndogo na ilipita haraka.

Baada ya samai, mwimbaji alimwomba abaki kitini. Walikuwa wanaingia wimbo mwepesi, wa Bayati hiyohiyo, wimbo ambao hata watoto wa mtaani wanaujua. Ila mwimbaji alitaka uanzie nota ya Sol, si Re aliyoizoea kijana, kwa sababu Re ilikuwa chini mno kwa sauti yake. Kijana akaweka mkono, akatafuta, akapiga nota mbili, akasimama. Akatabasamu. Akashuka.

Anayepiga udi ataona uchungu wa jambo hili kuliko msomaji mwingine, kwa hiyo nilieleze.

Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja wa besi. Utiaji sauti unaotumika sana, kutoka juu kwenda chini, ni Do, Sol, Re, La, Fa, na besi ya Do. Bayati ya Re inaanza na uzi mtupu wa Re, unaweka kidole kwa nota ya pili, kidole kingine kwa Fa, kisha uzi mtupu wa Sol. Bayati ya Sol inaanza na uzi mtupu wa Sol, vidole vilevile, umbali uleule, kisha uzi mtupu wa Do. Yaani nota nne za mwanzo alizoombwa zilikuwa mlango wa pili. Angehamisha mkono uzi mmoja tu.

Ugumu unakuja baadaye kidogo. Ukishafika Do hakuna uzi mwingine juu yake, hivyo nusu ya juu ya makamu yote inapigwa kwenye jozi moja: Re, Mi flati (Mi iliyoshushwa nusu toni), Fa, hadi Sol ya juu, ambayo inakaa palepale shingo inapokutana na tumbo, kama sentimita 20 kutoka kwenye kidaraja cha juu, pale nyuzi zinapoingia upande wa funguo. Hapo mkono unatakiwa kutembea. Lakini wimbo ule haukufika huko. Nota tano zilitosha.

Miezi tisa alikuwa anajifunza njia moja ya kutoka nyumbani kwenda sokoni. Alipoambiwa aanzie msikitini, akapotea akiwa mtaani kwake.

## Kuhusu samai yenyewe

Sisemi samai ni lengo baya. Ni lengo zuri sana, na kwa kuwa wanafunzi wengi wa udi hulichagua, ni vyema kueleza linavyovunjika.

Samai ina sehemu nne ziitwazo khana, na baada ya kila khana hurudi sehemu moja ileile iitwayo taslim. Khana tatu za mwanzo na taslim hutembea kwa mapigo kumi. Ya nne kwa kawaida hubadili mwendo, ikawa ya mapigo matatu au sita, kabla taslim haijarudi kuifunga. Kwa hiyo msikilizaji anaisikia taslim mara nne. Ukijifunza taslim kwanza, na si khana ya kwanza, kufikia wiki ya tatu unakuwa na sehemu kubwa kuliko zote mkononi, na kila khana utakayoongeza itakuwa na mahali pa kurudi. Wengi huanza ukurasa wa kwanza kwa sababu ni ukurasa wa kwanza. Khana ya kwanza wanaijua hata usingizini, ya tatu wanaibahatisha, ya nne wanaomba Mungu.

Mapigo kumi yanagawanyika tatu, mbili, mbili, tatu. Dumbaki, ngoma ya mkono, inapiga dum (pigo zito) na tak (pigo kali): dum kwenye la 1, tak la 4, dum la 6, dum la 7, tak la 8. Mengine ni kimya. Kosa ninaloliita kosa la wote ni kuimeza kumi. Baada ya tak ya 8 kuna mapigo mawili matupu, na mkono usio na kazi huogopa utupu, unaingia mapema. Kumi inakuwa tisa. Mpiga dumbaki atakungoja mara ya kwanza, mara ya pili mtaachana.

Dawa yake haiko kwenye udi. Weka udi chini, hesabu kwa sauti, "moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu", huku mkono wa kulia unapiga dum na tak gotini. Dakika tano kila siku kwa wiki mbili. Fanya hivyo ukitembea, hatua moja kwa kila pigo. Ukiweza kuzungumza na mtu bila kupoteza hesabu, uchukue udi.

Kuhusu kasi: weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mdundo, kwenye 60 kwa dakika, kila mdundo uwe pigo moja kati ya yale kumi. Usipande mpaka upige sehemu hiyo mara tatu mfululizo bila kosa. Kisha panda nne, hadi 64. Ukikosea ya tatu, hesabu inaanza upya. Inachosha, najua. Lakini mkono haujui kwamba ulikuwa unajaribu tu, unahifadhi kila kitu ulichoupitishia, kosa na sahihi kwa pamoja.

## Sentimita tano

Kuna jambo moja la udi ambalo malengo mengi makubwa huliruka, na linapoachwa hurudi kudai.

Udi hauna vipande vya chuma shingoni kama gitaa. Kidole kinatua popote. Na nota ya pili ya Bayati ya Re si Mi, wala si Mi flati. Ni katikati yao, Mi nusu-flati, na ndiyo inayofanya Bayati isikike Bayati.

Chukua udi wenye uzi wa sentimita 61 kutoka kidaraja cha juu hadi daraja la chini. Kwenye uzi wa Re, Mi flati iko kama sentimita 3.4 kutoka kidaraja cha juu. Mi ya kawaida iko 6.7. Nusu-flati iko karibu na 5, na wapigaji wengi huishusha kidogo, hasa wimbo unapokuwa unashuka kurudi Re. Kidole chako kina upana wa zaidi ya sentimita moja. Ukisogea milimita tatu, sikio la mwenye kujua linakunja uso.

Halafu panda juu. Katikati ya uzi, umbali wa nusu toni ambao chini ulikuwa sentimita 3.4 unabaki 1.7. Mkono uleule, wimbo uleule, vipimo vimepungua nusu.

Kwa sababu hii wanafunzi hubandika utepe au huchora penseli shingoni. Ninaelewa kwa nini, na kwa wiki mbili za mwanzo hakuna ubaya. Baada ya hapo alama inaanza kuua kitu. Jicho linachukua kazi ya sikio, na jicho halijui kwamba uzi umelegea kidogo kwa unyevu wa pwani tangu asubuhi. Utaweka kidole palepale penye alama, na nota itakuwa si yenyewe, na hutajua.

Zoezi lenyewe ni fupi. Wacha simu itoe sauti ya Re mfululizo. Imba nota ya pili kwa mdomo kabla ya kugusa uzi. Ukiwa bado unaiimba, weka kidole, piga, sogeza mpaka sauti ya uzi iingie ndani ya sauti yako. Toa mkono kabisa, uweke gotini, anza tena. Mara 20. Haizidi dakika kumi. Mkono unaoondoka na kurudi ndio unaojifunza, ule unaokaa palepale unapumzika tu.

Na kabla ya hayo yote, tia sauti. Jozi zako ziwe moja kweli. Zuia uzi mmoja wa jozi kwa kidole, linganisha mwingine na tyuna ya simu, kisha uachie wa kwanza na uulinganishe na mwenzake kwa sikio, bila simu, mpaka lile wimbi la sauti linalotetemeka litulie. Funguo zikiteleza, paka vumbi la chaki. Zikikwama, paka sabuni kavu. Mtu anayefanya mazoezi miezi mitatu kwenye jozi zisizoelewana analifundisha sikio lake uongo kila siku, tena kwa bidii.

Kijana wetu alikuwa na utepe shingoni mpaka siku ya harusi. Uliwekwa kwenye uzi wa Re.

## Mwezi wa sita

Kuna kipindi ambacho karibu kila anayejifunza muziki kwa dhati hukipitia, na hakuna anayekiandika kwenye karatasi ya malengo.

Mwanzoni mkono na sikio huwa sawa: vyote havijui. Unapiga vibaya na unajisikia vizuri. Kisha, mahali fulani kati ya mwezi wa nne na wa saba, sikio linakomaa ghafla. Limekuwa likisikiliza kila siku, halihitaji misuli, halichoki. Mkono bado unatambaa. Sasa unapiga vizuri kuliko mwezi uliopita na unajisikia vibaya kuliko wakati wowote. Kila nota ya pili ya Bayati inakuumiza. Unasema, nimerudi nyuma.

Hujarudi nyuma. Umeanza kusikia.

Wengi huacha hapa. Wengine hufanya jambo ambalo nadhani ni baya zaidi: wanakimbilia kwenye tarehe. Wanaacha kusikiliza, wanahesabu siku, wanapiga kipande kizima mara kumi kila alfajiri wakitumaini kitajinyoosha chenyewe. Lengo linakuwa ngao dhidi ya sikio. Ninaamini hapa ndipo kijana wetu alipoingia njia hii ya pili, kwa sababu mwezi wa sita ndipo alipoacha nyimbo nyingine zote alizokuwa akizigusa na kubaki na samai peke yake. Aliona anajitolea. Kumbe alikuwa anafunga madirisha.

Ukiwa kwenye mwezi huo, punguza. Chukua mapigo mawili tu, yale yanayokuumiza zaidi, kwa kasi ya nusu. Na fungua rekodi yako ya mwezi wa pili, uisikilize mara moja tu, uone umetoka wapi.

Ndiyo maana rekodi ni lazima. Kila Ijumaa, kipande kilekile cha sekunde 30, simu ikiwa juu ya meza umbali wa mita moja na nusu. Usiisikilize siku hiyo, kwa kuwa bado utasikia ulichokusudia badala ya ulichopiga. Isikilize Jumamosi, uandike mambo mawili: moja lililo sawa, moja la kufanyia kazi wiki inayokuja. Si matano. Karatasi yenye matano haifanyiwi kazi.

## Mwili nao

Hili nitalipita haraka, ingawa limewasimamisha watu wengi kuliko kukosa kipaji.

Mgongo wa udi ni mviringo, unateleza. Ukiteleza, mkono wa kushoto unaukamata shingoni kuuzuia usianguke, na mkono unaoshikilia hauwezi kutembea. Jaribu hivi: kaa kama unataka kupiga, kisha toa kabisa mkono wa kushoto. Udi ukibaki ulivyo, umekaa vizuri. Ukishuka, weka kitambaa kisichoteleza pajani na kibao cha sentimita 12 hivi chini ya mguu wa kulia, na kigasha cha mkono wa kulia kiubane tumbo la udi. Mkono wa kulia uje kutoka nyuma, kiwiko kimepita ukingo, kifundo kimejikunja kidogo, risha ikilala ndani ya kiganja na kutokeza nje kidogo tu. Risha ya pembe ni nzuri. Ukikosa, ule ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya, uliokatwa na kulainishwa ncha, unafanya kazi. Kila unapohamia uzi mpya, pigo la kwanza liwe la kushuka. Ukilizoea hilo mapema utaokoa mwaka mzima.

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo au kiwiko si ya kawaida, na lengo lolote linalokutaka uyapuuze lina kasoro.

## Lengo ambalo mtu mwingine anaweza kulisikia

Malengo mengi ninayoyasikia yako ya aina mbili. La kwanza ni la saa: "nitapiga saa mbili kila siku." Hilo si lengo la muziki, ni lengo la kiti. Mtu anaweza kukaa saa mbili akirudia kosa lilelile. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni, zikiwa na kazi inayojulikana, zinashinda saa tatu za Jumamosi, kwa udi hasa, maana vidole na sikio vinachoka kabla ya nia.

La pili ni la kipande: wimbo fulani, siku fulani. Hili lina nguvu, na ndilo lililomfikisha jukwaani. Udhaifu wake ni kwamba linaweza kutimia bila mtu kuwa mpigaji. Unaweza kulikariri kama mtu anavyokariri shairi la lugha asiyoijua.

Ninalolipendelea mimi ni lengo la uwezo, lililosemwa kwa namna ambayo mtu wa pembeni, asiyekujua, akisikia atasema ndiyo au hapana. Mifano miwili.

Wa kwanza ni huu: ndani ya mwaka, nipige taksim, yaani muziki wa kubuni papo hapo, ya Bayati ya dakika mbili, niguse makamu nyingine moja, nirudi nyumbani bila kupotea. Linaonekana dogo kuliko samai, maana hakuna kipande cha kukariri. Kwa kweli ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna pa kujificha. Nusu dakika ya kwanza unakaa kati ya Re na Sol, unapumzika Re. Kisha unapanda na kukaa Sol, unaizoesha kuwa nyumbani kwa muda. Hapo unaonyesha makamu ya Hijaz juu ya Sol: Sol, La flati, Si, Do. Unaionja tu. Kurudi, unaibadili Si kuwa Si flati na La kuwa La ya kawaida, na msikilizaji anahisi mlango umefunguka tena. Unapanda hadi Re ya juu mara moja, unashuka taratibu, unafunga. Kinachowaangusha wanafunzi ni haraka: ndani ya sekunde kumi wameshafika Re ya juu, na dakika iliyobaki hawana pa kwenda. Dawa ni kimya. Baada ya kila sentensi ya udi, vuta pumzi moja kamili kabla ya nyingine. Msikilize mpiga udi Munir Bashir wa Iraki, aliyefariki 1997, jinsi anavyoacha sauti ife kabla ya kuongeza neno.

Wa pili ni wa kwetu hasa: nimfuate mwimbaji katika nyimbo tatu, kila moja kwa nota mbili tofauti za kuanzia. Marehemu Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu, aliimba huku akipiga udi mwenyewe, na katika rekodi zake utasikia kazi ya udi ilivyo: mstari wa sauti unapokwisha, udi unaingia kwenye ule upenyo mfupi, unajibu, unatoka kabla mwimbaji hajavuta pumzi ya pili. Kujibu huko hakukaririwi. Unatakiwa uyajue maneno ya wimbo, ujue mwimbaji anapumua wapi, na mkono wako uweze kuanzia uzi wowote. Taarabu imelelewa hivi, watu wakikaa pamoja. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, ilianzishwa 1905, na mpaka leo taarabu ni kazi ya kundi. Mtu aliyejifungia chumbani miezi tisa na kipande kimoja amejifunza kupiga peke yake katika muziki ambao haupigwi peke yake.

Nadhani huu ndio moyo wa jambo. Lengo lake lilimtaka awe mbele ya watu. Halikumtaka kamwe awe pamoja nao.

## Tarehe katikati ya njia

Hapa ndipo ninapositasita, na ni haki niseme.

Bila harusi ile, je, angejifunza chochote? Ninawajua watu wasio na tarehe. Wana nyimbo tatu, zilezile, kwa miaka kumi, na kila mwaka wataanza samai mwezi ujao. Tarehe ilimwamsha alfajiri. Huwezi kumnyang'anya mtu kitu kilichomwamsha halafu umwambie awe na nidhamu ya hewani. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuandika kwamba tarehe ni adui. Nimeliacha.

Tarehe ibaki. Ila isiwe ukingo wa dunia.

Njia moja inayofanya kazi ni kuanza kipande kinachofuata wiki sita kabla ya onyesho. Si baada. Katika dakika 40 za siku, 25 ni za kipande cha tarehe, 15 ni za kile kipya, na kipya kiwe cha makamu nyingine: kama onyesho ni Bayati, kipya kiwe Rast au Nahawandi. Utaogopa kwamba unajipunguzia muda. Wiki sita kabla ya siku, kipande kisichokuwa mkononi hakitaingia kwa kurudiwa zaidi, kitaingia kwa kupumzishwa na kurudiwa kwa akili. Dakika 25 zinatosha. Na siku ya onyesho utakapoamka, utakuwa na wimbo mwingine ambao haujaisha, uliokatika katikati ya mstari wa pili, unaokungoja Jumatatu.

Njia nyingine ni kumpa mtu ahadi ya baada ya tarehe: mwambie mwimbaji, mwezi mmoja baada ya harusi nitakuja kukaa na nyinyi mazoezini, nyuma kabisa, nipige nyimbo mbili. Ahadi ya nyuma kabisa ni nyepesi kwa moyo, na ndiyo inayomrudisha mtu kitini.

Na kila wiki, siku moja, upige kitu usichokijua, kwa sikio tu, mbele ya mtu mmoja. Ndugu, jirani, yeyote. Utakosea. Mtu aliyezoea kukosea mbele ya watu hashuki jukwaani akiambiwa "anza Sol."

## Karatasi yake

Nimeombwa na mama yake nizungumze naye. Sina hotuba ya kumpa. Nimemwandikia karatasi ya wiki moja.

Jumatatu: futa vumbi. Toa utepe shingoni. Badili nyuzi zote mbili za jozi ya Sol, hata ule usiolegea, kwa sababu uzi mpya na mkuukuu havikai pamoja kwa sauti moja. Zitashuka kila baada ya dakika chache kwa siku mbili tatu. Usizikaze kupita kiasi, daraja la udi limegundishwa tu na linaweza kung'oka.

Jumanne: hakuna risha. Imba Re, nota ya pili, Fa, Sol, simu ikitoa Re. Dakika kumi, kisha funga.

Jumatano: Bayati ya Re, nota nne, metronomu 60, kupanda na kushuka.

Alhamisi: hamia uzi mmoja. Nota nne zilezile, kuanzia Sol. Usiangalie shingo.

Ijumaa: wimbo ule alioombwa, kuanzia Sol, polepole. Simu juu ya meza, inarekodi. Mwimbaji nimeshamuuliza, anasema atakuwepo nyumbani kuanzia saa kumi jioni.